Kidonda cha Kuku

Wahenga wametuachia msemo kuwa kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea mwewe huchukua. Msemo huu una uchungu kwa kila mtu aliyezaliwa katika nyumba ya dhiki, lakini kwangu mimi una uchungu wa namna nyingine. Katika nyumba niliyolelewa alikuwako kuku wa maskini aliyetaga, akaangua na akalea. Mwewe hakumpata. Alichukuliwa na kisu, na neno lililokitoa kisu kile alani lilitoka katika kinywa changu.

Nataka kukusimulia habari hiyo, msomaji, ijapokuwa kuku mmoja si jambo kubwa duniani. Kosa nililolifanya lilikuwa jepesi kulifanya na zito kulijutia, na wewe uliye shuleni sasa umo katika umri ambao kosa la namna hiyo humjia mtu bila kubisha hodi.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Nilikuwa darasa la tano katika shule ya kijiji chetu, katika sehemu za Kwale, nami nilikaa na nyanya yangu mzaa mama. Nyanya hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Mali yake ilikuwa minazi michache, shamba la muhogo, na kuku wa kienyeji wapatao kumi na wawili, ambao mchana walichakura uani na usiku walilala katika banda la makuti. Aliyekuwa bora kuliko wote alikuwa koo mmoja asiyekuwa na manyoya shingoni, wa aina ambayo watu wa kwetu humwita kishingo. Naye hakuwa na jina jingine ila hilo. Siku zile elimu ya msingi ilikuwa haijafanywa bila malipo, kwa maana jambo hilo lilikuja mwaka wa 2003. Kila kitu cha shule kilikuwa na bei, na katika nyumba yetu bei ya daftari, ya penseli na ya mafuta ya taa ya kusomea usiku ilihesabiwa kwa mayai ya Kishingo.

Msimu huo Kishingo alikuwa na vifaranga tisa wa umri wa wiki mbili. Alasiri moja mbwa asiyejulikana mwenyewe aliingia uani. Kuku wengine walitawanyika, lakini Kishingo hakukimbia, kwa kuwa mama mwenye watoto humkimbilia adui badala ya kumkimbia. Mbwa alimbana kwa meno mahali ambapo shingo hukutana na bawa, akamtikisa kama mtu akung'utavyo mkeka, na lau nyanya asingetokea na mchi mkononi, angalimaliza kazi yake. Alipouona mchi alimtupa kuku akatoroka.

Tulimwokota yu hai. Alikuwa na matundu mawili ya meno, moja likitoka damu, na ngozi ilikuwa imechanika kadiri ya urefu wa kidole cha mwisho. Nyanya alikibana kidonda kwa kitambaa mpaka damu ikakatika, akamfunga kuku katika leso, akamweka ndani ya tenga jikoni na kumfunika kwa kipande cha gunia. Kisha akaniambia, "Mwache apumzike, mume wangu. Kiumbe aliyeogopa kwanza hutaka giza."

Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi, na niliona ni aibu mwanafunzi kukaa kitako wakati mgonjwa anaugua. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba vidonda huingiwa na vijidudu, na kwamba vijidudu hivyo hapana budi viuawe. Hayo yalikuwa kweli. Viuawe kwa kitu gani, na kwa kiasi gani, sikuwa nimesikia, wala sikuuliza. Nyanya alipokwenda kisimani nilichukua kibatari nikamimina mafuta ya taa juu ya kidonda. Kishingo alipiga ukelele ambao naukumbuka mpaka leo, akapigapiga mabawa ndani ya tenga, kisha akanyamaza na kufumba macho. Nilidhani dawa imemwingia.

Siku ya tatu asubuhi nilifunua gunia, nikashtuka. Ngozi ya shingo, ambayo siku zote ilikuwa nyekundu, ilikuwa imegeuka rangi ya kijani kama jani la mgomba, kuanzia kwenye kidonda hata karibu na kidari.

"Nyanya," nikapaza sauti, "Kishingo ameoza!"

Nyanya alikuja, akapiga magoti, akamwinua kuku karibu na uso wake, akanusa. Akamgeuza, akanusa tena. Akamrudisha tengani. "Hanuki," akasema. "Kitu kilichooza hunuka. Natungoje mpaka kesho."

Nilishindana naye. Nilimwambia kuwa nyama ikibadilika rangi imekwisha kufa, kuwa sumu yake itapanda moyoni, na kuwa akifa kibudu hata nyama yake itatupotea. Niliyasema haya kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, hali sikuwa nao. Nyanya hakujua kusoma, nami nilijua. Aliniangalia kwa kitambo, kisha akaenda kumwita jirani aje amchinje.

Kuku aliponyonyolewa tulitazama sote wawili. Rangi ya kijani ilikuwa imeenea chini ya ngozi kama wino uliomwagika, lakini nyama ilikuwa nzima na haina harufu yoyote. Kidonda chenyewe kilikuwa kimeanza kuziba pembeni, isipokuwa pale ambapo mafuta ya taa yalikuwa yameibabua ngozi. Nyanya hakunilaumu. Alisema tu, "Hakuwa ameoza," akaendelea na kazi yake. Chakula cha jioni ile sikukigusa.

Vifaranga tisa walilia uani siku nzima wakimtafuta mama yao. Baada ya mwezi mmoja walisalia wawili. Baadhi yao walichukuliwa na mwewe, na wengine walikufa kwa baridi ya usiku, kwa kuwa hapakuwa na bawa la kuwafunika. Muhula uliofuata niliandika masomo yangu katika pambizo za madaftari ya zamani.

Miaka kumi ilipita. Nilikuwa nasoma katika chuo cha ualimu, na siku moja katika maktaba nilifungua kitabu cha ufugaji wa kuku bila ya kutafuta jambo maalumu. Humo nilikuta maelezo ya ile rangi ya kijani. Mtu au mnyama akipigwa au akiumwa, mishipa midogo hupasuka chini ya ngozi na damu huvilia. Mwili hauiachi damu ile ikae bure. Huivunjavunja na kuiondoa kidogo kidogo. Katika kuvunjwa huko, ile rangi nyekundu ya damu hugeuka kuwa kitu cha kijani kiitwacho biliverdini. Katika miili yetu wanadamu kitu hicho hugeuzwa tena kuwa cha rangi ya manjano, kiitwacho bilirubini, na ndiyo sababu alama ya pigo mwilini mwetu huishia katika umanjano. Mwili wa kuku hauifanyi kazi ile ya pili kama wetu. Kwa hiyo kuku aliyevilia damu huonekana kijani baada ya siku moja au mbili, na rangi hiyo hufifia yenyewe katika siku zinazofuata.

Nilifunga kitabu nikatoka nje. Kijani kile nilichokihukumu kuwa ni kuoza kilikuwa ni mwili unaojitengeneza. Nilimchinjisha kuku kwa dalili ya kupona kwake.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimweleza nyanya habari hiyo yote, pamoja na majina yake magumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Kumbe na kitabu chako nacho kilinusa."

Tangu siku ile nimejifunza kutibu vidonda vya kuku kwa utaratibu, na utaratibu huo nakupa wewe, kwa kuwa hapana boma la kuku ambalo kidonda hakifiki. Leo ni mbwa, kesho ni kicheche au nguchiro, kesho kutwa ni kipi cha jogoo kilichomchana mtetea ubavuni, au msumari uliotokeza bandani.

La kwanza ni kumshika. Mshike kwa upole, umfunge katika kitambaa ili mabawa yatulie, wala usimbane kifua. Sisi tuna kiwambo chini ya mapafu kinachotusaidia kuvuta pumzi. Kuku hana kiwambo cha namna hiyo, naye hupumua kwa kusogeza mfupa wa kidari mbele na nyuma. Mkono wenye huruma ukimkumbatia kwa nguvu waweza kumwua kwa kumzuia pumzi.

Pili, zuia damu. Weka kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza, na ungoje dakika kadhaa bila ya kufunua. Watu wengi hufunua kila mara kutazama kama damu imekatika, na kwa kutazama huko huizuia isikatike.

Tatu, mtenge na wenzake. Kuku huvutwa na rangi nyekundu. Wakiona damu juu ya mwenzao humdonoa, na mmoja akianza wengine hufuata, hata kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi kikawa cha kuua. Mweke peke yake mahali penye kivuli, palipo kimya na pakavu, pamoja na maji ya kunywa karibu na mdomo wake. Giza alilolitaja nyanya ni dawa ya kweli, kwa maana hofu huweza kumwua kuku ambaye jeraha limeshindwa kumwua. Wala usidanganyike ukimwona ametulia. Kuku ni kiumbe anayewindwa, na anayewindwa huficha maumivu yake, kwa kuwa adui humchagua aliye dhaifu.

Nne, safisha. Nawa mikono yako kwa sabuni kabla ya kuanza, na unawe tena ukimaliza, kwa sababu kuku huweza kuchukua vijidudu vya salmonela ambavyo humwumiza mwanadamu tumbo. Kata kwa mkasi manyoya yaliyozunguka kidonda. Usiyang'oe, na usiyakate manyoya machanga ambayo shina lake bado lina damu. Chemsha maji, uyaache yapoe yawe vuguvugu, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Mimina maji hayo juu ya kidonda mpaka uchafu utoke. Usisugue, kwani nyama changa inayoota ni laini kuliko utando wa yai.

Tano, tia dawa iliyo pole. Dawa ya iodini iuzwayo madukani hufaa ikichanganywa na maji mpaka rangi yake ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Asali safi nayo hufaa, kwa kuwa huzuia vijidudu visiote na huweka kidonda katika unyevu unaosaidia ngozi kufunga. Mafuta ya taa usiyatumie kamwe. Huunguza nyama iliyo hai, na kuku akijisafisha kwa mdomo huyameza yakawa sumu.

Neno hili la kiasi limewasumbua hata mabingwa. Mwaka wa 1865, katika hospitali ya mjini Glasgow, Uskoti, daktari wa upasuaji Joseph Lister alimtibu mvulana wa miaka 11 ambaye alikanyagwa na gurudumu la gari la kukokotwa, mfupa wa mguu ukavunjika na ngozi ikapasuka. Siku zile majeraha ya namna hiyo aghalabu yaliisha kwa kukatwa mguu au kwa kifo. Lister alikifunika kidonda kwa kitambaa chenye dawa ya kaboliki, na baada ya wiki sita mvulana alikuwa amepona. Hapo ulimwengu ukapata somo la kuua vijidudu vya vidonda. Walakini kaboliki iliunguza ngozi za wagonjwa na mikono ya madaktari, na miaka ilivyopita wakaiacha, wakatafuta njia zilizo pole zaidi. Mimi katika utoto wangu nilikuwa nimeshika nusu ya somo hilo, na nusu ya somo ndiyo niliyommwagia Kishingo kidondani.

Sita, angalia kila siku, asubuhi na jioni. Nzi hutaga mayai juu ya kidonda, na mayai yale huweza kuangua mabuu kabla ya siku moja kwisha. Ukiyaona, yaoshe na kuyaondoa yote kwa kibano. Tazama pia kama kuna usaha. Lakini jua kuwa usaha wa kuku hauchuruziki kama wetu, bali huwa mabonge magumu ya manjano kama jibini. Na uzoeze pua yako kazi. Nyama inayokufa hunuka, hupoa, hugeuka nyeusi au huwa na uteute. Damu iliyovilia haina harufu, na ngozi yake ni kavu na yenye joto. Joto la kuku mzima ni kiasi cha nyuzi 41, kupita letu, hivyo hata kiganja cha mkono kitakuambia habari.

Kidonda kikiwa kirefu, au kuku akizidi kudhoofika, mwite daktari wa mifugo. Usimpe dawa za vidonge au za sindano kwa kukisia, na ukiwa umepewa, usile mayai wala nyama yake mpaka siku zilizoandikwa juu ya chupa ziishe.

Sitakuficha kwamba viko vidonda visivyopona. Kuku ambaye matumbo yamemtoka, au aliyevunjika uti wa mgongo asiweze kuhisi miguu yake, au aliyekataa chakula na maji na kupumua kwa taabu siku hata siku, kumwacha ateseke si huruma. Kisu kikali na mkono wa haraka ndiyo rehema iliyobaki. Sikatai kisu, nakataa kisu kilichotangulia macho.

Mwaka wa 2023 nilipata nafasi ya kulirudia somo langu. Mwewe alimshukia tembe wangu karibu na nyumba ninayokaa, akamburura hatua chache, akashindwa kumbeba. Mgongo wake ulikuwa na matundu ya kucha, na ubavu mmoja ulikuwa umepondeka. Nilifanya kama nilivyokueleza. Siku ya pili jioni wanafunzi wangu wawili waliniletea madaftari ya kusahihishwa, wakanikuta namwosha. Mmoja wao, msichana mwenye bidii sana darasani, aliinama akaona ubavu umekuwa kijani.

"Mwalimu," akasema, "huyu ameoza. Mchinje kabla hajafa."

Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa niliijua sauti ile. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Kisha nikamwambia, "Mnuse."

Alikunja uso, lakini akamsogeza karibu, akanusa. Akanusa mara ya pili.

"Hanuki, mwalimu."

"Basi natungoje," nikamwambia.

Walikuja kila jioni. Kijani kilififia kikawa manjano hafifu, kisha kikatoweka. Matundu yalifunga kwa magamba makavu, na katika wiki ya tatu magamba yalidondoka, chini yake ngozi ikawa nyororo. Manyoya niliyokata hayakuota mara moja, kwa maana nyoya lililokatwa hungoja mpaka kuku apukutishe manyoya ya zamani kwa wakati wake. Hivyo tembe alibaki na kiraka mgongoni kama shati la mtu wa kazi. Alipotaga yai lake la kwanza nililipeleka darasani. Sikulitolea hotuba. Nililiweka juu ya meza, na yule msichana alilitambua.

Msomaji, huenda maisha yako hayatakukutanisha na kuku aliyeumwa na mbwa. Lakini utakutana na rafiki aliyebadilika rangi, na ndugu aliyenyamaza ghafula, na jambo lililoonekana kuharibika mbele ya watu wote, na utakuwako wewe, umesoma, na karibu yako atakuwako mtu asiyesoma anayesema, "Natungoje mpaka kesho." Mwulize ameona nini. Kisha piga magoti kama nyanya yangu alivyopiga, ukaribie, ukanuse mwenyewe kabla hujatamka neno. Kishingo alihitaji siku mbili tatu tu, nami nilimnyima.